Chevelle yangu na safari ya kutoka 4.10 kwenda 3.31

Siku hizi mtu akinionyesha gari la zamani la Kimarekani analotaka kulinunua, simuulizi kwanza habari za injini. Namuuliza difu yake, yaani gia za kwenye ekseli ya nyuma, ni ngapi. Injini ya V8 utaisikia mwenyewe ikinguruma, rangi utaiona, lakini ile namba iliyofichwa ndani ya difu ndiyo itakayoamua kama utasafiri na gari hilo au litabaki kuzunguka mtaa mmoja na kurudi bandani.

Naishi Houston, Texas, na gari langu ni Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1970. Ni gari la gia nne za mkono, giaboksi ya Muncie M20, injini ya farasi 350. (Mwaka ule injini iliyoitwa 396 ilikuwa imeshaongezwa ikafika inchi za ujazo 402, ila Chevrolet hawakubadilisha jina kwenye bodi.) Aliyeniuzia alikuwa mtu wa mashindano ya robo maili. Alikuwa akilipeleka Baytown, mashariki ya jiji, kwenye uwanja ambao ulifungwa mwaka 2023, na kwa ajili ya uwanja ule alifunga difu ya 4.10.

Mjini ilikuwa raha tupu. Taa ikiwaka kijani unaachia klachi taratibu na gari linaruka mbele kabla hujamaliza kukanyaga mafuta. Ukiishia kuendesha Houston ya ndani, kati ya taa moja na nyingine, huwezi kuona kasoro yoyote kwenye 4.10. Lakini dada yangu anaishi San Antonio, na kutoka kwangu hadi kwake ni barabara kuu ya I-10, karibu maili 200, na nje ya mji mwendo unaoruhusiwa ni maili 75 kwa saa, yaani kama kilomita 120. Hapo ndipo gari lilibadilika tabia. Nikiwa kwenye gia ya nne, hakuna gia nyingine ya kupanda, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika umesimama karibu na 3,700 na hauteremki. Sakafu inatetemeka. Redio haina kazi. Malori yananipita, na mkono wangu unaenda wenyewe kwenye gia kutafuta ya tano ambayo haipo. Nilipofika, dada alikuwa ameshafungua mlango kabla sijazima injini. “Kaka, nimekusikia tangu kule kona,” akasema. “Hili gari linaumwa?”

Haliumwi. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalielewi, na ndilo lililonifanya nikae chini nikapiga hesabu. Kila niliyemweleza alinipa dawa ya dalili: badilisha sailensa, weka zulia nene sakafuni, rekebisha kabureta. Injini ilikuwa nzima na inafanya vile inavyoamriwa na difu.

Namba ya difu ni hesabu ya meno. Ndani mle kuna pinioni, gia ndogo iliyoungana na propela shafti (chuma kirefu kinacholeta nguvu kutoka giaboksi), na kuna krauni, gia kubwa inayozungusha ekseli za nyuma. Yangu ilikuwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Gawanya 41 kwa 10 unapata 4.10. Maana yake tairi likizunguka mara moja, propela imezunguka mara nne na kitu. Na kwa kuwa gia ya nne ya Muncie ni moja kwa moja, 1.00, injini nayo inazunguka sawasawa na propela. Mwendesha baiskeli ya gia anaijua hali hii miguuni: kwenye gia ya kupandia mlima, ukifika tambarare unachapa pedali mbio na baiskeli haiendi.

Hesabu ya barabara kuu ni rahisi, na namsihi kila mwenye gari la namna hii aijue kwa kichwa. Chukua mwendo wa maili kwa saa, zidisha kwa namba ya difu, zidisha kwa 336, kisha gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Ile 336 haikutoka hewani: maili moja ina inchi 63,360, ukigawanya kwa dakika 60 na kisha kwa pai, unaipata. Kwa anayetumia kilomita na kupima tairi kwa milimita, weka 5,305 badala ya 336. Matairi yangu ya nyuma ni 275/60R15, kimo chake inchi 28, na 336 kwa 28 ni 12 kamili, kwa hiyo mimi nazidisha tu: 75 mara 4.10 mara 12, ni 3,690. Ndiyo ile 3,700 niliyokuwa nikiiona kwenye mshale.

Sasa tazama hesabu hiyohiyo kwenye uwanja wa mashindano. Gari likivuka mstari wa robo maili kwa maili 100 kwa saa, na 4.10 injini iko kwenye 4,920. Ukiweka tairi fupi la inchi 26 inapanda hadi karibu 5,300. Injini yangu, kwa takwimu za kiwandani, inafikia kilele cha nguvu kwenye 5,200. Kwa hiyo 4.10 ilichaguliwa na mtu aliyejua anachofanya: alitaka kilele cha nguvu kikutane na mstari wa mwisho. Kazi yake ilikuwa ya sekunde kama kumi na nne hivi. Mimi nina kazi ya saa mbili na nusu na zaidi, na kilele hicho sikihitaji hata mara moja njia nzima.

Kuna wazee wa magari hapa Texas wanaoapa kwamba walikuwa wakisafiri na 4.10 nchi nzima bila shida. Nawaamini, ila nawauliza mwaka gani. Kuanzia 1974, baada ya mgogoro wa mafuta, Marekani yote iliwekewa kikomo cha maili 55 kwa saa. Barabara kuu za mashambani ziliruhusiwa 65 mwaka 1987, na sheria yenyewe ya kikomo cha taifa ikafutwa 1995. Kwa maili 55 na tairi la inchi 28, difu ya 4.10 inaizungusha injini mara 2,706 tu. Hapo hata mimi ningesafiri. Ushauri wao ulikuwa sahihi kwa barabara ya wakati wao, lakini barabara imebadilika na difu imebaki vilevile.

Nikaandika kwenye karatasi kila difu inayopatikana kwa ekseli yangu, kwa mwendo wa maili 75. Difu ya 3.73 inatoa 3,357, bado kelele. 3.55 ni 3,195. 3.31 ni 2,979. 3.08 ni 2,772. 2.73 ni 2,457.

Mtu anayependa utulivu atakimbilia 2.73, na hapo ndipo inabidi kwenda polepole, kwa sababu difu haifanyi kazi peke yake. Zidisha namba ya difu kwa gia ya kwanza ya giaboksi yako uone gari litaondokaje. Gia ya kwanza ya M20 ni 2.52. Mara 4.10 ni 10.3, ndiyo maana liliruka vile, na ndiyo maana gia ya kwanza ilikuwa inaisha kabla hujavuka njia panda. Mara 3.31 ni 8.3, uondokaji mzuri wa gari la mjini. Mara 2.73 ni 6.9, na hapo klachi inaanza kuteseka: kila taa, kila foleni, unaisugua ili gari lianze kutembea. Zaidi ya hapo, injini yenye kemshafti kali (shafti inayofungua valvu) haipendi kuburuzwa kwenye mizunguko ya chini. Ukiikanyaga mlimani ikiwa imelala, inagonga, na ugongaji huo wa ndani kwa ndani huua pistoni. Magharibi ya San Antonio, I-10 inaingia kwenye vilima kuelekea Boerne na Kerrville, na nilitaka difu itakayopanda kule kwenye gia ya nne bila kushusha. Kwangu 3.31 ilijipendekeza yenyewe. 3.08 ilikuwa karibu sana, na kwa injini kubwa zaidi, ya 454, ningeichagua bila kusita.

Kilichonitia moyo ni kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa kimefikiri hivyohivyo. Difu ya kawaida ya SS 396 ilikuwa 3.31. Hata ile Chevelle ya 454 yenye injini ya LS6, farasi 450, ambayo watu huizungumzia kwa kunong’ona, difu yake ya kawaida ilikuwa 3.31, na 4.10 ilikuwa ya kuagiza.

Njia nyingine ni kuacha difu na kubadilisha giaboksi, kuweka ya gia tano yenye gia ya juu ya kupunguza mizunguko. Tremec ya kisasa yenye gia ya tano ya 0.68 ingeishusha injini yangu hadi karibu 2,500 kwa maili 75, huku 4.10 ikibaki kwa ajili ya mjini. Ni suluhisho zuri, na mwenye dola elfu kadhaa za kutumia asiliogope. Ila kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Giaboksi ya namna hiyo inatuliza injini, haitulizi propela. Propela inafuata difu na tairi tu, kwa hiyo ingeendelea kuzunguka mara 3,690 kwa dakika chini ya sakafu, na propela ya zaidi ya miaka hamsini ikiwa na uzito usiolingana hata kidogo, mtetemo utaendelea kuusikia kwenye kiti. Tena gia ya kwanza ya hizo Tremec mara nyingi ni 2.87, ukizidisha kwa 4.10 inakuwa karibu 11.8, gia ya kwanza isiyo na maana kwenye gari la barabarani. Mwenye giaboksi ya gia tano anahitaji naye kuifikiria difu upya.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua hasa nilicho nacho. Njia ya haraka, kama difu yako ni ya Positraction inayozungusha matairi yote mawili pamoja: nyanyua nyuma kwa jeki, egemeza kwenye stendi imara, piga mstari wa chaki kwenye propela na kwenye tairi, weka gia huru, zungusha tairi mzunguko mmoja na uhesabu propela. Kwa difu ya kawaida isiyo na Positraction, shikilia tairi moja lisizunguke, zungusha la pili mara mbili, hesabu ni ileile. Lakini jibu la uhakika liko ndani. Tulifungua kifuniko cha bolti kumi na mbili kwenye gereji ya fundi mmoja mzee wa Kimeksiko huko Pasadena, kusini mashariki mwa Houston. Oili ya difu ilimwagika nyeusi, na harufu yake ya salfa ikajaa gereji nzima, harufu ambayo haitoki nguoni kwa kufua mara moja. Fundi akapangusa ukingo wa krauni kwa kitambaa, akasogeza taa, na pale pembeni yakaonekana maandishi yaliyopigwa kwenye chuma: 41 10.

Kisha akaniita nisogee karibu zaidi. Krauni ilikuwa nene kuliko kawaida, na ile pini ya kati inayoshikilia zile gia ndogo nyingine za ndani, siyo pinioni, ilikuwa imechongwa ubavuni ili ipite kando ya krauni. Hapo historia ya gari ikajieleza yenyewe. Kwenye ekseli hizi za bolti 12 za Chevrolet, ganda linalobeba krauni halifanani kwa difu zote: kuna ganda la kuanzia takriban 3.08 hadi 3.73, na kuna jingine la 4.10 kwenda juu, kwa sababu pinioni ya meno machache ni nyembamba na krauni inabidi isogezwe kuifuata. Asiyetaka kununua ganda jipya hutumia krauni nene kuziba ile nafasi. Alama zilizogongwa kwenye bomba la ekseli zilisema gari lilitoka kiwandani na 3.31. Kwa hiyo ganda langu lilikuwa la asili, na 3.31 ingerudi mahali pake bila ganda jipya. Nilihitaji krauni na pinioni mpya, beringi, oil sili, gaskiti, na pini nzima isiyochongwa. Anayekwenda kununua seti ya gia bila kukagua ganda anaweza kujikuta na vyuma visivyoingia, kwa hiyo fungua kwanza, nunua baadaye.

Kufunga krauni na pinioni ni kazi ya kupimwa, na hapa sitaki mtu ajidanganye kwa kuangalia video moja. Pinioni inapangwa kina chake kwa washa nyembamba kama karatasi. Nafasi ya kuchezacheza kati ya meno ya krauni na ya pinioni, kwa seti yangu, ilitakiwa iwe kati ya inchi 0.006 na 0.010, na inapimwa kwa saa ya kupimia yenye mshale, kwenye sehemu kadhaa za krauni, siyo moja. Beringi mpya za pinioni zinakazwa mpaka zitoe ukinzani maalumu, na nati yake ikipitilizwa hairudishwi nyuma hivihivi. Mwisho fundi alipaka meno machache rangi ya njano, nzito kama siagi, akazungusha krauni huku mimi nimeibana kwa kipande cha mbao ili iwe na mzigo. Tukatazama alama iliyobaki. Mara ya kwanza ilikaa juu sana, karibu na ncha ya jino. Fundi hakusema kitu. Akafungua vyote, akaongeza washa moja nyuma ya beringi ya pinioni ili isogee ndani kidogo, akafunga upya. Mara ya pili alama ilikaa katikati ya jino, ndefu na laini. Ile subira yake ya kufungua tena kazi iliyokwisha kufungwa ndiyo niliyomlipia, na niliilipa kwa furaha. Difu iliyopangwa kwa haraka hupiga mluzi, wakati mwingine ukikanyaga mafuta, wakati mwingine ukiachia, na mluzi ukishaanza meno yamekwisha kujichonga vibaya.

Gia mpya zinahitaji kulainishwa kwa adabu. Tuliweka oili ya kawaida ya madini ya 80W-90 pamoja na ile dawa ya Positraction, ambayo bila yake klachi za ndani hukwaruza na kutikisa gari kwenye kona. Siku ya kwanza niliendesha maili kama ishirini kwa mwendo wa wastani, nikaacha difu ipoe kabisa, nikarudia. Kwa maili 500 za mwanzo sikuondoka kwa kishindo wala kubeba mzigo, kisha nikamwaga oili yote na kuweka mpya. Ile ya kwanza ilikuwa na vumbi la chuma linalong’aa kama unga wa fedha, jambo la kawaida, na ndiyo sababu inamwagwa.

Spidomita nayo haiachwi. Inasoma kutoka giaboksi, na baada ya kuhama kutoka 4.10 kwenda 3.31 ingesema uongo kwa karibu asilimia 19. Ukiiamini ikisema 75, kwa kweli unakimbia 93, na askari wa barabara kuu wa Texas hatasikiliza habari za krauni. Kwenye Muncie kuna gia ndogo ya plastiki inayoendesha waya wa spidomita. Zinauzwa za idadi tofauti za meno na rangi hutofautiana. Nilibadilisha hiyo, nikahakikisha kwa simu yenye GPS.

I-10 ya sasa ni barabara nyingine. Kwa maili 75 mshale unakaa chini kidogo ya 3,000. Kwa safari moja ya maili 200 injini inazunguka pungufu kwa zaidi ya mara laki moja kuliko zamani, na hizo zote ni moto, oili na petroli ambavyo sikuvitumia. Sakafu imetulia kwa sababu propela nayo imepungua mwendo. Sasa nazungumza na mke wangu njiani kwa sauti ya kawaida, na mwezi wa Agosti, jua la Texas likiwa limewaka, geji ya joto inabaki pale inapopaswa kubaki. Mjini kimepungua kitu, siwezi kukana: ule mruko wa kwenye taa umepoa. Lakini gia ya pili sasa ina urefu wa kufurahisha, unaivuta na kuivuta na bado ipo.

Rafiki yangu wa Lubumbashi, jirani yangu hapa, ana Pontiac GTO ya 1968 yenye giaboksi ya otomatiki ya TH400, difu 3.55, na matairi ya inchi 27. Alitaka kuiga 3.31 yangu. Nikamwambia, ndugu, hesabu yako ni tofauti na yangu. Otomatiki ina toko konveta inayozidisha nguvu wakati wa kuondoka, haina klachi ya kuungua, kwa hiyo inavumilia difu ya mwendo, ile ya namba ndogo, kuliko gia za mkono. Tulipiga pamoja: kwa maili 70, na 3.55 iko karibu 3,100, na 2.93 ingekuwa kama 2,550, ukiongeza kidogo kwa sababu konveta huteleza. Na 2.56 ingeshuka hadi 2,230, ila konveta aliyoweka ni ya mizunguko ya juu, na ukisafiri chini ya mizunguko yake inateleza njia nzima na kuchemsha oili ya giaboksi. Ameagiza 2.93. Kifuniko cha difu yake tutakifungua Jumamosi, na nimemwambia avae nguo asizozihitaji tena.